Hela ya Mboga: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Chakula cha Wiki Nyumbani Kwetu

Haya majibu yametoka kwenye daftari la mistari la mwanangu, ambalo nililichukua likiwa limebaki kurasa nusu nikaanza kuandikia matumizi ya jikoni. Wenzangu wa kikoba waliliona, maswali yakaanza, na kwa kuwa ni yale yale kila mara, nimeamua kuyajibu hapa pamoja. Bei zote ni za Dar es Salaam, sokoni ninakonunua mimi, kipindi nilichoandika. Kwako kutakuwa na zake.

Mko wangapi, na mnatumia shilingi ngapi?

Tuko saba, tunakaa Tabata: mimi, baba watoto, watoto watatu, mama mkwe na dada wa kazi. Watoto wawili wakubwa wanakula mchana shuleni, kwa hiyo siku za kazi mchana wanaobaki nyumbani ni bibi, dada na mdogo wa miaka mitatu.

Hela ya chakula nimeigawa mafungu mawili. La kwanza ni stoo, linanunuliwa mara moja mwanzo wa mwezi:

Mchele kilo 20: 52,000
Unga wa mahindi kilo 20: 30,000
Maharage kilo 6: 18,000
Choroko na kunde kilo 3: 9,000
Dagaa wa Mwanza kilo 2: 20,000
Mafuta dumu la lita 5: 28,000
Sukari kilo 5: 15,000
Unga wa ngano kilo 5: 10,000
Chumvi, majani ya chai, karanga, viungo: 10,000

Jumla 192,000. Fungu la pili ni soko la Jumamosi, 69,000 kwa wiki: nyama kilo moja 12,000, samaki 8,000, mboga za majani 7,000, matunda 7,000, viazi na mihogo 6,000, maziwa na mkate 6,000, nyanya 5,000, nazi nne 5,000, mayai nusu trei 5,000, vitunguu 4,000, karoti na hoho 2,000, na 2,000 ya ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Wiki nne ni 276,000. Ukijumlisha na stoo unapata 468,000 kwa mwezi, yaani 15,600 kwa siku kwa watu saba. Zile siku mbili tatu zinazobaki baada ya wiki ya nne tunakula vilivyomo stoo, na hapo ndipo makande yanapoingia.

Gesi, mkaa na LUKU havimo humo. Hela ya watoto ya kutumia shuleni nayo haimo, ile ni vita nyingine.

Mbona wiki? Si bora kuacha hela ya kila siku, kama watu wengi?

Tuliishi hivyo miaka minane. Asubuhi baba watoto anaweka hela juu ya meza ya tivii chini ya rimoti, siku nyingine elfu kumi na tano, siku nyingine ishirini, siku nyingine anaondoka kimya na mimi najaziliza. Ukipiga wastani tulikuwa kwenye elfu kumi na nane kwa siku, 540,000 kwa mwezi, na bado ikifika saa kumi na mbili jioni swali lilikuwa, "Leo tunakula nini?"

Hilo swali la saa kumi na mbili ndilo lililokuwa linatumaliza. Saa hiyo umechoka, watoto wana njaa, sokoni hakuendeki, na kilicho karibu ni genge la kona na duka la Mangi. Pale unanunua kwa kupima. Mafuta robo lita ni 1,700, ukifikisha lita tano umelipa 34,000 badala ya 28,000. Hiyo elfu sita iliyozidi ni kilo mbili za sukari. Na sukari nayo, robo ni 800, kilo kwa robo robo inafika 3,200. Simlaumu Mangi, naye amepanga fremu, analipa umeme, na ananikopesha. Ila mimi nilikuwa nalipia uvivu wangu wa kupanga.

Mwezi wa kwanza wa daftari sikubadilisha kitu, nilikuwa naandika tu kila shilingi inayotoka. Maandazi na vitumbua vya asubuhi 22,000. Nyanya na vitunguu vya genge, vile vya fungu la jero jero, 19,000. Soda na juisi 14,500. Chipsi mayai za siku nilizochoka 12,000. Bodaboda za kufuata kitu kimoja kilichosahaulika 7,000. Jumla 74,500, na hakuna hata kimoja humo ambacho kuna mtu alikikumbuka. Nilimsomea baba watoto usiku, akacheka, halafu akanyamaza.

Kwa nini isiwe mwezi mzima? Kwa sababu mchicha haukai mwezi. Na kwa sababu hela ya mwezi ikishikwa mara moja, ikifika tarehe kumi na nane imeshazoeana na mambo mengine.

Mimi napata hela kwa siku. Naendesha bodaboda, hiyo stoo ya laki mbili naitoa wapi?

Hutaitoa, na anayekuambia ujinyime mwezi mzima ukanunue gunia hajawahi kurudi nyumbani na elfu saba. Anza na kitu kimoja, na mimi ningekuambia kiwe mafuta, maana ndipo tofauti ya kupima na kununua dumu inapouma. Weka buku kila siku kwenye kibubu au kwenye simu, pale ambapo kutoa kunakukata ada ili uone uchungu. Dumu la lita tatu likishaingia ndani, ile hela uliyokuwa unapimia mafuta kila siku ihamie kwenye sukari. Sukari ikishaingia, uhamie kwenye unga. Baada ya miezi mitatu minne utakuwa na stoo bila kujua umeinunua lini.

Njia ya pili ni kununua wawili. Jirani yangu wa upande wa kisima na mimi tuliwahi kuchangia gunia la mchele, tukaligawa ukumbini kwa mzani. Nasema kwa mzani. Tulianza kugawa kwa bakuli tukaishia kuangaliana. Gunia lenyewe mlipime kabla hamjalipa, hasa lile lililofungwa likavimba juu na kuunganishwa kwa kamba, lumbesa. Uzito wake unajulikana kwa aliyelifunga tu.

Mnakwenda soko gani, na saa ngapi?

Kwetu karibu ni Buguruni. Nakwenda Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wachuuzi wa jumla wanaanza alfajiri kabisa lakini mimi sihitaji tenga zima la nyanya, na saa mbili mbele jua limeshaanza kuzila mboga za majani na bei haijashuka. Ndizi kwa wingi ni Mabibo, kule kunakoitwa Mahakama ya Ndizi. Nyama, watu wengi wa upande wetu tunafuata Vingunguti kwenye machinjio. Samaki wabichi ni Feri, ila kwa familia moja nauli na muda vinakula faida yote, kwa hiyo Feri nakwenda nikiwa nina shughuli mjini au tukiwa wanne tumechanga. Mnada wa asubuhi pale Feri ni wa watu wenye kifua. Mara yangu ya kwanza nilinyoosha mkono kujikuna nikajikuta nina beseni la vibua.

Sokoni, kitu cha kujifunza ni sado. Ni kopo lililoanzia kwenye rangi ya nyumba, la lita nne, na sasa ndilo mzani wa nusu ya Dar. Maharage sado likijaa vizuri linazidi kidogo kilo tatu. Lakini kuna sado lililobonyezwa kitako kikaingia ndani, kuna lililokatwa mdomo, na kuna mkono wa muuzaji unaojua kupanga nyanya kubwa pembeni ili katikati pabaki shimo. Nyanya mimi naomba kupanga mwenyewe. Wengine wanakataa, nahamia kwa mwingine, hakuna ugomvi. Na sichagui zote nyekundu: theluthi zimeiva kabisa za Jumamosi na Jumapili, theluthi zina rangi ya chungwa, theluthi zina kijani begani. Zile za kijani nazipanga juu ya gazeti chini ya kabati, na Alhamisi zinakuwa tayari. Kabla sijajua hili, kila Jumatano nilikuwa natupa nyanya na kila Alhamisi nanunua nyanya.

Uende umeshiba na uwe na orodha. Usiende na mtoto.

Ratiba yenu ya wiki ikoje hasa?

Hii ya chini ndiyo inayobandikwa mlangoni mwa friji. Ni ya mlo wa usiku, maana ndio tunaokula wote.

Jumamosi ni samaki, kwa sababu soko ni siku hiyo: mchuzi wa nazi na wali. Kama samaki ni bei, vibua vya kukaanga na ugali.

Jumapili, nusu kilo ya nyama inaingia kwenye pilau.

Jumatatu ugali, dagaa wa kukaangiwa nyanya nyingi na mchicha. Mboga laini zinatangulia mwanzo wa wiki, kabichi na majani ya maboga yanavumilia.

Jumanne wali na maharage ya nazi, na kabichi. Maharage yanachemshwa sufuria kubwa, nusu yanawekwa bila kuungwa.

Jumatano ugali na kisamvu cha karanga, pamoja na yale maharage ya jana, sasa yameungwa upya. Kisamvu kitwangwe na kichemke sawasawa, majani mabichi ya muhogo yana sumu, na kutwanga na moto ndivyo vinavyoiondoa.

Alhamisi ndizi na nyama, ile nusu kilo ya pili. Au viazi mviringo ndizi zikiwa juu.

Ijumaa ni ya mabaki na mayai. Choroko zikiwepo zinapikwa, wali ukiwepo unakaangwa, karoti iliyonywea inapata kazi. Ijumaa ikiwa ya mwisho wa mwezi, ni makande.

Asubuhi tunazungusha vitu vitano: viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, uji wa dona wenye karanga, mkate na yai, na maandazi ninayokanda mwenyewe Jumapili usiku. Mchana wa wale watatu unategemea cha jana usiku.

Hamchoki kula hivyo hivyo?

Siku ni ile ile, pishi si lile lile. Maharage ya nazi, maharage ya nyanya, maharage yaliyopondwa. Na kabla ya ratiba tulikuwa tunakula ugali na mchicha siku nne mfululizo bila mtu kulalamika, kwa kuwa haukuandikwa popote.

Kilo moja ya nyama kwa watu saba wiki nzima? Mnaionja?

Hapa nakubali tunabana. Lakini siri iko kwenye namna ya kuikata na mahali pa kuiweka. Mchuzi mtupu wa nyama unadai vipande, kila mtu anahesabu vya mwenzake. Nyama ikiingia ndani ya kitu, pilau, ndizi, viazi, njegere, hakuna anayehesabu, na ladha inasambaa. Mwambie wa bucha akupe mchanganyiko wenye mfupa, si steki. Mfupa unachemshwa kwanza peke yake, supu yake ndiyo inayopikia ndizi. Nami nakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba cha mtoto: nusu kilo inatoka vipande ishirini na nane hadi thelathini, vinne kwa kila mtu. Nimevihesabu, ndiyo.

Mara moja kwa mwezi tunachinja kuku, na siku hiyo ratiba inafutwa. Kidari ni cha mama mkwe, hilo halina kikao.

Maharage yanamaliza gesi. Mnafanyaje?

Loweka. Usiku wa Jumatatu naosha maharage, nayamwagia maji mengi, asubuhi yamevimba. Yale maji yanamwagwa, yanawekwa mapya. Maharage yaliyolala majini yanaiva kwa muda mfupi zaidi kuliko makavu, na tumbo linakushukuru. Funika sufuria, punguza moto yakishachemka, na chumvi na nyanya viingie yakiwa yameshalainika. Ukinunua, uliza kama ni ya msimu huu. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu yatakula mtungi mzima na bado yatakuwa yanalia menoni. Mimi hutafuna moja pale pale sokoni. Likivunjika kama kokoto, naliacha.

Magadi yanalainisha haraka, kweli, lakini yanaharibu vitamini B na yanaacha ladha ya sabuni ukizidisha. Kwenye makande ya haraka nitakusamehe.

Kuhusu gesi na mkaa: serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kuitumia ifikapo 2034. Mimi sikusubiri mkakati, nilichoka masizi. Lakini tatizo la wengi nalijua, ni kwamba mkaa unauzwa hata wa buku na mtungi haujazwi kwa buku. Ukiwa na mtungi mdogo wa kilo 6, pikia vitu vya haraka, chai, mboga, mayai, na maharage yaive siku moja kwa wiki, sufuria moja kubwa. Sisi tuna wa kilo 15, unakwenda wiki tano mpaka sita, na jiko la mkaa bado lipo uani kwa ajili ya makande na mahindi ya kuchoma.

Ninunue dona au sembe?

Tunakula vyote. Sembe imekobolewa, inakaa muda mrefu, ni nyeupe na bibi anaipenda. Dona ina pumba na kiini, inashibisha zaidi, lakini mafuta ya kile kiini yanafanya unga uchache mapema, hasa kwa joto letu. Kwa hiyo dona nanunua kilo tano tano, sembe inajazia.

Wenye nafasi nunueni mahindi, mchambue wenyewe, mpeleke mashineni. Kuchambua si mapambo. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumu ile haiondoki kwa kupikwa. Punje iliyobadilika rangi, iliyopasuka, iliyoota ukungu, itoe. Karanga vivyo hivyo: ile iliyosinyaa na kuwa chungu mdomoni iteme, usiimezee aibu.

Sina friji. Ratiba hii inanifaa?

Inakufaa ukibadilisha mambo matatu. Nyama nunua siku ya kupika, nusu kilo Jumapili na nusu kilo Alhamisi, bucha zipo kila mtaa. Mboga za majani nunua mara mbili kwa wiki. Na nyanya zikianza kulegea, zisage au zipondeponde, uzichemshe na mafuta na chumvi mpaka maji yakauke kabisa. Hiyo itavuka siku mbili ukiipasha moto asubuhi na jioni.

Kiporo cha wali nakipenda, nimekulia humo, chai ya rangi na wali uliokaangwa kitunguu. Ila wali ulioachwa sufuriani jikoni usiku kucha, kwa joto la Dar, unaweza kuota vijidudu ambavyo sumu yake haiishi hata uupashe vipi. Kama huna friji, pika unaoisha. Kiporo cha ugali chenye ukoko hakijanipa shida.

Bei zinapanda lini, na unajiandaaje?

Nyanya na mboga za majani nyingi hupanda masika, Machi mpaka Mei, mvua zinaozesha shambani na barabara zinakatika. Miezi hiyo nanunua nyanya chache, natia karoti ya kukwaruza na ukwaju kwenye mchuzi, na napika zaidi vitu vya nazi na karanga visivyodai nyanya. Mchele na mahindi hushuka wakati wa mavuno, kuanzia Mei hadi Agosti hivi. Mwenye akiba anunue hapo, si Januari.

Kuna bei ambazo hazina msimu. Mapema 2024 mvua za El Niño zilizuia viwanda kuvuna miwa, sukari ikaadimika, kilo ikavuka 4,000. Hatukupambana nayo. Chai ikawa ya tangawizi na sukari kijiko kimoja, uji ukatiwa ndizi mbivu iliyopondwa. Mdogo hakugundua. Mkubwa wao, wa miaka hamsini, alisononeka mwezi mzima.

Na Ramadhani?

Ramadhani ina daftari lake. Milo inapungua lakini meza inakua: magimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, tambi, maharage, uji wa pilipili manga, tende, na kila kimoja kinataka nazi na sukari. Na sokoni wanajua. Nazi na magimbi hupanda wiki ile ile ya mwandamo. Ninachofanya ni kununua mapema visivyooza, yaani tende, tambi, sukari, iliki, kuanzia Shaaban, na kuamua kwamba futari ina vitu vitatu, si saba. Uji, kitu kimoja cha nazi, kitu kimoja cha kukaanga. Majirani tunapelekeana, kwa hiyo saba vinatimia vyenyewe mezani bila mtu mmoja kuvipika vyote.

Mwezi mgumu kuliko huo ni Januari. Ada, sare, kodi. Januari nyama ni mara moja kwa wiki na dagaa wanapanda cheo.

Mgeni akija bila taarifa?

Stoo ina kopo la mchele ambalo halihesabiwi kwenye ratiba, kilo mbili, na mayai hayashuki chini ya sita. Mgeni ale. Ndugu akija na begi, na begi likiwa kubwa, hapo ratiba inapigwa hesabu upya kwa watu wanane na yeye anajulishwa kwa upole kwamba soko la Jumamosi linabebwa na wawili.

Mume wangu anasema namla hela. Nimuoneshe nini?

Usimuoneshe, mpeleke. Baba watoto alikuwa anaamini fungu la mchicha ni mia moja kwa sababu ndivyo lilivyokuwa alipokuwa kapera. Jumamosi moja nikasema mgongo unauma, nikampa orodha na ile 69,000. Alirudi saa nne na nusu, kapu limejaa, ana papai ambalo halikuwepo kwenye orodha, hana vitunguu, na hela imeisha kabla hajafika kwenye mayai. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata aliongeza elfu tano bila kuombwa, na sasa zamu ya soko ni yake mara moja kwa mwezi. Kwetu tumegawana hivi: stoo ni mshahara wangu, soko ni hela yake ya gereji. Daftari liko wazi jikoni, kila mtu analiona, hata dada.

Dada wa kazi naye umuhusishe, jamani. Ndiye anayepika siku tano kati ya saba. Ni yeye aliyeniambia kwamba kijiko chetu cha mafuta kilikuwa upawa.

Watoto wamekataa mboga za majani. Nifanyeje?

Wa kwangu walikataa tembele. Nikalikatakata jembamba ndani ya maharage. Wakala. Sikuwaambia hadi leo.

Mbona sijaona chapati kwenye ratiba?

Ziko Jumamosi usiku, baada ya samaki, ni za chai ya Jumapili asubuhi. Kilo moja ya ngano inatoa kumi na mbili ukizisukuma za wastani. Kila mtu moja, zinabaki tano. Hizo tano hazijawahi kufika asubuhi. Nimejaribu kuzifunga kwenye taulo, nimejaribu hotpoti ya juu ya kabati, nimejaribu kuziweka chumbani kwa bibi. Bibi ndiye nilimkuta saa saba usiku, taa imezimwa, anatafuna, akaniambia alikuwa anaangalia kama hazijaharibika.